Vitu vya Murumbi Vipo, Nyumba Yake Iko Wapi?

Jumapili moja nilimpeleka mpwa wangu City Park kuwaona kima. Ana miaka tisa, na bila kima hangekubali kutoka nyumbani. Tulishukia Limuru Road, tukapita soko la mboga, tukanunua karanga za kufungwa kwa karatasi, tukaingia. Hazikufika mbali. Kima mmoja jike, mtoto kamng'ang'ania tumboni, aliteremka kwenye tawi la chini, akatia mkono mfukoni mwa jaketi la kijana kama konda anayesaka chenji, akaondoka na karanga zote. Alipanda juu ya benchi, akaitoboa karatasi kwa meno upande wa chini, wala si juu ilikofungwa, akamimina karanga kiganjani na kuzitafuna moja moja huku akitukazia macho. Mpwa wangu hakujua acheke au alie.

Baadaye tukafika kwenye makaburi. City Park ina makaburi ya zamani, na karibu nayo kuna ukumbusho wa Joseph Murumbi na mkewe Sheila, umezungukwa na sanamu za wachongaji wa Kiafrika. Kijana akasoma jina kwa sauti, herufi kwa herufi.

"Anko, huyu alikuwa nani?"

"Makamu wa Rais. Wa pili, baada ya Jaramogi."

"Alikuwa anaishi wapi?"

"Muthaiga. Si mbali na hapa."

"Basi twende tuone nyumba yake."

Nilimwambia tutaenda siku nyingine. Nilimdanganya, maana nyumba hiyo haipo. Ilibomolewa, na hadithi ya kubomolewa kwake inaeleza mambo ya Nairobi kuliko mabango yote ya makavazi yetu yakiunganishwa.

Ninachotaka kusema ni hiki. Jiji letu hutunza vitu. Hata makaburi hutunza, likisukumwa. Nyumba ndiyo haliitunzi, na sababu si kwamba hatupendi historia, kama wanavyopenda kutulaumu wahubiri wa utamaduni. Kinyago hakina ardhi chini yake. Kitabu unaweza kukihamisha kabatini na hakuna atakayepata ploti. Nyumba imekalia nusu eka au eka tano mahali ambapo kila futi ina bei, kwa hiyo adui wake hahitaji kuichukia. Anahitaji tu kuitaka ardhi yake. Nyumba ya kihistoria mjini hapa ni suala la ardhi kwanza, utamaduni baadaye, na tukiendelea kuwaachia kesi hii watu wa utamaduni peke yao tutaendelea kushindwa.

Mtazame Murumbi mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1911 kule Eldama Ravine, baba Mgoa mfanyabiashara, mama Mmaasai. Akasomeshwa India, akafanya kazi Somalia, akarudi nyumbani siasa za chama cha Kenya African Union (KAU) zikiwa zimepamba moto. Wakubwa wake walipokamatwa mwaka 1952 akajikuta kaimu katibu mkuu wa chama, kisha akaondoka nchini na kuishi uhamishoni London hadi uhuru ulipokaribia. Huko alimwoa Sheila, mkutubi, na sina hakika nani alimwambukiza nani ugonjwa wa vitabu, ila haukuwaacha tena. Walinunua vitabu vya zamani kuhusu Afrika, stempu, vinyago, nguo, vito. Aliporejea akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na Mei 1966 akateuliwa Makamu wa Rais. Hata mwaka hakuumaliza. Waliomjua wameeleza kwamba mauaji ya rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands tarehe 24 Februari 1965, yalimvunja moyo wa siasa. Pinto amezikwa City Park. Murumbi aliomba alazwe karibu naye, na ndiyo maana mtu aliyekuwa wa pili kwa ukubwa nchini yuko pale kwenye miti na kima, wala si shambani kwao.

Nje ya serikali alifanya kazi iliyomwachia jina. Mwaka 1972, yeye, Sheila na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage, duka na jumba la sanaa lililofanya ushanga na vitambaa vya bara hili viuzwe kwa heshima katikati ya Nairobi. Nyumba yake ya Muthaiga nayo ikajaa hadi dari. Katikati ya miaka ya 1970 akauzia serikali ya Kenya hazina hiyo pamoja na nyumba yenyewe. Inasimuliwa kwamba wanunuzi wa ng'ambo walikuwa tayari kumlipa zaidi, akakataa. Wazo lake lilikuwa rahisi: nyumba ibaki palepale, vitu vibaki ndani, pawe taasisi ya kusoma Afrika ambako mwanafunzi wa Kenya angekuja kusoma bila kulazimika kupanda ndege kwenda London.

Vitu vilitunzwa, hilo tuseme kwa haki. Vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900 viko kwenye jengo la Archives, yaani Nyaraka za Taifa, pale mkabala na hoteli ya Ambassadeur, jengo lililokuwa la Bank of India, na ukumbi wenye jina lake unaonekana hata na mtu aliyeingia kukwepa mvua akisubiri matatu. Sehemu nyingine iko Nairobi Gallery. Taasisi ndiyo haikuwahi kuanza. Murumbi alihamia Transmara kwenye shamba lake, na huku nyuma nyumba ya Muthaiga ikavunjwa. Alifariki Juni 1990.

Sasa ukiingia Archives utaona kinyago cha Afrika Magharibi ndani ya kioo, na kibandiko chini yake. Huoni kilikaa wapi kwa miaka yote hiyo, kama kilisimama mlangoni kikipokea wageni au kilikuwa kando ya kitanda cha mzee. Huoni dirisha ambalo mtu huyu mwenye damu za pande mbili, aliyeacha cheo ambacho wengine wangeua mtu kukipata, alilichungulia akiwaza kama arudi siasa au asirudi. Watu husema nyumba ni ukuta tu. Mimi nasema nyumba ndiyo sentensi. Vitu ni maneno yaliyotolewa ndani yake na kutawanywa mezani.

Kuna nyumba nyingine Nairobi yenye bahati tofauti. Nyumba ya Karen Blixen chini ya vilima vya Ngong ilijengwa mwaka 1912, na mwandishi huyo wa Denmark aliishi humo kuanzia 1917 hadi 1931 shamba lake la kahawa lilipofilisika. Leo ni makavazi, watalii wanashushwa na mabasi, nyasi zimekatwa, saa iko ukutani. Je, tumempenda mzungu kuliko Murumbi? Wengi watakwambia hivyo, na wana haki ya kuudhika. Lakini angalia karatasi. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua nyumba hiyo na kuizawadia Kenya kwa ajili ya uhuru. Ikawa mali ya umma yenye mtoaji anayejulikana na macho ya balozi juu yake. Ilitumika kama chuo, haikukaa tupu, na ilipofika 1986 ikafunguliwa kama makavazi baada ya filamu kuhusu maisha ya mwandishi huyo kuipa umaarufu mpya. Haikuokolewa na mapenzi. Iliokolewa na hati ya zawadi ambayo ingekuwa aibu ya kidiplomasia kuichana. Murumbi aliuza kwa serikali yake mwenyewe kwa imani, na imani haisajiliwi ardhini.

Kutoka hapo nenda katikati ya jiji, Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Pale ng'ambo ya bustani, chini ya kivuli cha Nyayo House, kuna jengo la mawe la ghorofa moja watu wa zamani wanaliita ofisi ya PC, yaani Mkuu wa Mkoa. Lilijengwa mwaka 1913. Lilikuwa mahali pa kusajili vizazi, ndoa na vifo, na ndipo masafa ya barabara za nchi yalipoanza kupimwa. Ukisikia Mombasa ni kilomita kadhaa, zilihesabiwa kutoka mlangoni pale. Limezungukwa na barabara za magari na jumba refu ambalo vyumba vyake vya chini vilitumiwa kutesa watu miaka ya 1980, na bado limesimama, limekuwa Nairobi Gallery, na baadhi ya vitu vya Murumbi vimo humo. Yaani vitu vya mtu aliyenyimwa nyumba vinalala kwenye nyumba ya mkoloni aliyemkimbiza ng'ambo. Sijui kama yeye angecheka. Alikuwa na ucheshi, wanasema.

Kwa nini jengo hilo lilibaki na la Muthaiga likaenda? La kwanza liko mikononi mwa taasisi moja, lina kazi ya kila siku, na liko mahali ambapo kila Mkenya anapita. La pili lilikuwa nyuma ya ua, kwenye mtaa wenye walinzi, likisubiri taasisi ambayo haikuwa na bajeti wala mkurugenzi. Nyumba tupu ni barua iliyoandikwa kwa mnyakuzi.

Tusijifanye hatujui mchezo ulivyochezwa. Kabla ya sheria za ardhi za mwaka 2012, ardhi ya umma mjini ingeweza kutolewa kwa barua ya mgao tu. Barua inapatikana kwa mwenye kujuana, inauzwa kabla wino haujakauka, mnunuzi anapata hatimiliki, naye anamuuzia mwingine, na wa tatu anasimama kortini na kusema yeye ni mnunuzi asiye na hatia. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza namna hiyo kurasa kwa kurasa: misitu, hifadhi za barabara, viwanja vya shule, bustani, hata makaburi. City Park yenyewe, ambayo leo ina takriban hekta 60, ilikatwa pembeni kama mkate. Walioanzisha Murumbi Trust miaka ya 2000 na kujenga ukumbusho ule hawakuwa wanapamba kaburi tu. Walikuwa wanaweka alama ardhini, kwamba hapa pana mtu.

Ukiuliza sheria inasema nini leo, utapata jibu linalochosha. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inamruhusu waziri kutangaza mahali kuwa turathi ya taifa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Vizuri. Halafu Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linagawa kazi: majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa yako kwa serikali kuu, huku bustani na sehemu za burudani zikiwa za kaunti. Sasa chukua nyumba ya zamani iliyomo ndani ya bustani ya jiji. Kuta ni za nani, na nyasi ni za nani? Paa likivuja, nani analeta bati? Ukuta ukipakwa rangi ya kampeni, nani anashtaki? Nimesikia maofisa wakirushiana jibu hilo kwa adabu kubwa, kila mmoja akimwita mwenzake mheshimiwa, na paa likaendelea kuvuja.

Pale panapovuja zaidi ni kati ya mafaili. Tangazo la turathi limo kwenye faili ya makavazi. Hatimiliki imo kwenye faili ya ardhi. Kibali cha ujenzi kimo kwenye faili ya kaunti. Mtu anayetaka kubomoa hahitaji kuyashinda mafaili yote matatu. Anahitaji tu yasikutane. Na dawa ipo, haina gharama ya kutisha. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inampa msajili uwezo wa kuweka kizuizi kwenye ardhi, kwamba hapa hapauzwi wala hapagawanywi bila idhini fulani. Kila mahali palipotangazwa turathi Nairobi pawekewe kizuizi hicho, kwenye rejista ileile anayoifungua wakili wa mnunuzi siku ya kwanza. Mnunuzi akikutana na neno hilo atarudi nyuma mwenyewe, bila maandamano wala mahojiano ya redio.

Maandamano yana heshima yake, sibezi. Uhuru Park ipo leo kwa sababu mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama dhidi ya jumba la ghorofa 60 la gazeti la Kenya Times lililotakiwa kujengwa humo, akatukanwa bungeni, akafukuzwa ofisini, na wafadhili wakaondoka. Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa wakazi na A. M. Jeevanjee mwaka 1906, ilitakiwa iwe maegesho ya magari ya ghorofa mwaka 1991, mjukuu wake Zarina Patel akaongoza kampeni ya kuizuia. Tunawasifu, na tunapaswa. Ila zingatia kwamba familia ya Jeevanjee ilikuwa na kitu cha kuonyesha: zawadi yenye tarehe, mtoaji na kusudi. Mapambano yalikuwa na karatasi mkononi. Na mji hauwezi kutegemea kila kizazi kizae Wangari mwingine wa kupigwa rungu kwa ajili ya nyasi.

Habari njema ni kwamba korti zimeanza kuzinduka. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hatimiliki iliyozaliwa na mgao usiofuata sheria haisafiki kwa kupita mikononi mwa wanunuzi. Uwanja uliobishaniwa ulikuwa eneo la wazi la umma lililotolewa mwaka 1989. Maana yake kwa Nairobi ni kubwa. Mnunuzi sasa analazimika kuuliza ardhi hii ilitoka wapi, wala si nani ananiuzia tu. Lakini uamuzi hauwezi kurudisha ukuta. Ardhi inaweza kurejeshwa. Nyumba iliyovunjwa hairejeshwi na jaji yeyote.

Kuna hoja ya upande wa pili na siidharau, kwa sababu ninaisikia kwenye matatu kila wiki. Watu wanalala chumba kimoja familia nzima, wewe unalilia jumba la Muthaiga? Swali la haki. Ningelikubali kama nyumba hizo zingebomolewa ili wajengewe wao. Hakuna mtu wa Mathare aliyehamia kwenye ploti ya Muthaiga. Na nenda Parklands au Ngara, ambako nyumba za mawe za familia za Kihindi, zenye varanda na mwaka umechongwa juu ya mlango, zinaangushwa moja baada ya nyingine. Panaota ghorofa ambazo kodi yake mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuikaribia. Maskini hutajwa wakati wa kubomoa. Wakati wa kugawa funguo hatajwi tena.

Hoja nyingine ni nzito zaidi: tuhifadhi nyumba za nani? Nyingi za nyumba za mawe zilizobaki ni za wakoloni na matajiri, kwa kuwa za wengine zilikuwa za udongo, na serikali ya wakati huo ilizichoma yenyewe. Hapo nakiri nina mashaka na baadhi ya orodha zetu. Mimi ningeanza na nyumba za Kaloleni, mtaa uliojengewa Waafrika miaka ya 1940 wenye ukumbi uliosikia hotuba za uhuru, kabla sijagusa bangalo lolote la afisa wa reli. Nyumba ya kihistoria si lazima iwe nzuri. Inatosha kwamba jambo fulani lilitokea humo na mji bado unalizungumza.

Wiki ile baada ya safari yetu ya kima nilifanya jaribio dogo. Nilikwenda ofisi moja ya serikali, nikapanga foleni nyuma ya mama aliyebeba faili la kijani limefungwa kwa uzi, nikafika dirishani na kuuliza kama naweza kufanya upekuzi wa ardhi iliyokuwa na nyumba ya Murumbi. Kijana wa dirishani alikuwa mpole. Akasema, "Namba ya ploti ni gani, mzee?"

Nikamwambia sina, nina jina la mtu tu.

"Hapa hatutafuti kwa jina la mtu," akasema. "Hasa kama amekufa. Lete namba." Kisha akamwita mama mwenye faili la kijani, ambaye alikuwa amerudi na fomu yake.

Mpwa wangu bado ananiuliza lini tutaenda Muthaiga. Jumamosi ijayo nitampeleka kwenye jengo la zamani la PC, aone vito na vitambaa, kisha tutavuka barabara ale aiskrimu bustanini. Akiniuliza tena vitu hivi vilikuwa nyumba gani, nitamwambia ukweli.